Mtoto wa Nani, Umetumwa na Nani? Safari ya Ujumbe kwenye Barabara ya Kashebere

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga iliyomo ndani ya misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, mzee mmoja aliyeitwa Rureke alisimulia, akaimba na kucheza kwa siku 12 mbele ya mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, huku wasaidizi wakinukuu maneno yake. Mwaka 1969 masimulizi hayo yalichapishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, na tangu hapo utenzi wa Mwindo umesomwa mbali sana na kwao. Mwindo ni mtoto aliyekataliwa na baba yake. Alifungiwa ndani ya ngoma, ngoma ikatupwa mtoni, akanusurika na kwenda kwa shangazi yake, Iyangura. Anapoamua kushuka kuzimu kumfuata baba yake, anamwachia shangazi ncha moja ya kamba, naye anakwenda na ncha nyingine. Kamba ikicheza, shangazi ajue mtoto yu hai. Ikitulia, basi ajue kimemkuta kitu.

Mzazi wa leo anayemwona binti yake wa miaka 12 ameinama juu ya simu, uso umemulikwa na mwanga wa kioo, na asijue binti anaongea na nani, anaweza kudhani kwamba hofu yake ni mpya kabisa. Simu ni mpya. Hofu ya mtoto kwenda mahali ambapo jicho la mzazi halifiki ina umri mkubwa sana huku, na kila kizazi kimeitafutia kamba yake.

Kashebere ni kijiji cha mpakani. Ukitoka Goma unapita Sake, unapanda milima ya Masisi yenye malisho ya ng'ombe, unaipita Masisi-Centre na Nyabiondo, na ukifika Kashebere msitu umeshaanza kukukaribia. Hapo Masisi inamkabidhi msafiri kwa Walikale. Mbele yake ni Kibua, Mpofi, kisha Walikale yenyewe. Wapo Wahunde na Wanyanga, wapo wasemao Kinyarwanda, na sokoni wote huelewana kwa Kiswahili. Barabara ni ya udongo. Mvua ikinyesha lori hulala njiani siku kadhaa, na habari hubaki kutegemea miguu ya watu na pikipiki.

Kabla ya pikipiki, mjumbe alikuwa mtoto. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki na Kati mtoto ndiye aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani, kumwita mjomba, kuuliza kama mgonjwa ameamka salama. Alikariri ujumbe kama alivyopewa na kurudi na majibu. Njiani mtu mzima yeyote alikuwa na haki ya kumsimamisha na kumuuliza mambo mawili: wewe ni mtoto wa nani, na umetumwa na nani? Aliyejibu bila kusita aliachwa apite. Aliyebabaika alishikwa mkono na kurudishwa kwao. Maswali yale yalikuwa ulinzi uliotandikwa njia nzima, na haukumgharimu mtu hata senti moja.

Habari kubwa, za msiba au za hatari, zilikuwa na sauti yake. Kwenye misitu ya upande wa Kisangani, mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyekaa miaka mingi Yakusu, alijifunza kuongea kwa ngoma za magogo za Walokele, na mwaka 1949 akatoa kitabu kuhusu ngoma hizo. Alieleza kwamba ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata toni za maneno. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji huongeza maelezo marefu ili jina moja lisichanganywe na jingine. Kwa hiyo ngoma haikuwa chombo cha kunong'ona. Aliyekusudiwa alisikia, jirani yake alisikia, na watoto waliokuwa wakicheza uwanjani walisikia pia, pamoja na wazee ambao wangewaeleza maana yake.

Barua ilivunja utaratibu huo. Ilipokuja pamoja na misheni na ofisi za Wabelgiji, mtoto wa shule alipata kazi mpya ya kuwasomea wakubwa. Mama asiyejua kusoma alimwita mwanawe wa darasa la nne, akaketi karibu naye na kusikiliza kinywa cha mtoto kikitamka madeni ya baba, ugonjwa wa dada, kifo cha babu. Wakati mwingine mtoto alijua habari ya kifo kabla ya mwenye msiba, akalazimika kuchagua namna ya kuisema. Jambo hilo halisemwi sana katika historia ya elimu ya Kongo, na linastahili kusemwa, kwa sababu hapo ndipo watoto walipoanza kubeba maneno ya watu wazima bila mtu mzima kutangulia kuyaonja.

Posta ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipodhoofika, barua zilirudi mikononi mwa watu. Zilikwenda na dereva wa lori, na mfanyabiashara, na msukuma tshukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba magunia ya viazi na makaa kwenye milima ya Kivu. Baadaye ikaja fonie, yaani redio ya masafa ya mbali iliyofungwa misheni, kwenye vituo vya afya na kwa wanunuzi wa madini. Mtu alifika, akalipa, akangoja mwenzake aitwe upande wa pili, kisha wakaongea kwa zamu, mmoja akibonyeza kitufe na mwingine akisikiliza. Foleni nzima ilisikia, na yeyote aliyekuwa kwenye masafa hayo alisikia. Watu wakajifunza kufumba. Fedha zilipewa jina jingine, safari ikasemwa kwa mafumbo. Hata hivyo mtoto hakuweza kuongea na mgeni kwenye fonie bila mwenye mashine kumwona na kumuuliza alikuwa na shida gani.

Kisha vikaja vita, na vita viliwafundisha watu wa Kivu mambo mengi kuhusu ujumbe na watoto, kwa gharama isiyolipika.

Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, na vita vikaenea hadi Masisi. Mwaka uliofuata, Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wakitoka Rwanda walivuka mpaka na kujazana Goma kwa siku chache tu. Katika msukumano ule, katika kipindupindu na njaa, mikono iliachana. Watoto zaidi ya 100,000 katika eneo la Maziwa Makuu waliandikishwa kuwa wamepotezana na wazazi wao au wametengana nao. Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake kiunganishi cha familia. Majina yalisomwa hewani, na watu kambini walisogeza masikio kwenye redio za betri.

Msalaba Mwekundu ulileta karatasi yake. Inafaa kuitazama kwa karibu. Ni fomu moja inayokunjwa. Juu kuna nafasi ya jina kamili la mwandishi, tarehe ya kuzaliwa na mahali alipo. Kisha nafasi kama hiyo ya anayeandikiwa. Chini yake mistari ya ujumbe, na sehemu nyingine ya majibu. Haifungwi kwa gundi. Anayeandika anaambiwa mapema kwamba aandike habari za familia peke yake: tupo, fulani amezaliwa, bibi amefariki, shule imefunguliwa. Mambo ya siasa na ya jeshi hayaruhusiwi. Mfanyakazi huisoma kabla haijaondoka, na mwandishi anajua itasomwa. Asiyejua kuandika husaidiwa na mtu wa kujitolea anayeketi naye chini ya mti au kwenye baraza ya shule.

Kwa watoto wadogo wasiojua hata jina la kijiji chao zilitumika picha. Zilibandikwa kwenye mbao kambini, mama akipita polepole akitafuta uso. Lakini aliyenyoosha kidole na kusema huyu ni wangu hakukabidhiwa mtoto papo hapo. Aliulizwa majina ya ndugu, kovu liko wapi, mtoto aliitwaje nyumbani. Mtoto naye aliulizwa kando. Majibu yakifanana, ndipo walipokutanishwa. Waliopanga utaratibu huo walijua kwamba habari za mtoto aliye peke yake humfikia pia mwenye nia mbaya, na kwamba picha ya mtoto ikishabandikwa hadharani haichagui nani ataiangalia.

Mwaka 1996 mwenye nia mbaya alikuja kwa sura ya kirafiki. Waasi wa AFDL waliokuwa wakielekea Kinshasa waliwachukua wavulana mashariki mwa nchi. Wengine walikamatwa kwa nguvu, na wengine walivutwa kwa maneno matamu, kwa ahadi ya mshahara na heshima ya kushika bunduki. Wakaitwa kadogo. Neno hilo la Kiswahili, lililokuwa la mapenzi, la mama kumwita mwanawe wa mwisho, likapata maana inayowatia watu baridi hadi leo. Mei 1997 kadogo waliingia Kinshasa, wengi wakiwa na buti zilizowazidi miguu. Mzazi wa Masisi akisikia kwamba mtu asiyemjua amemsifu mwanawe, amemwambia ana kipaji na amemwahidi maisha mazuri mbali na nyumbani, hahitaji semina ya kumweleza hatari iko wapi. Anahitaji kuonyeshwa tu kwamba mtu yule siku hizi haji tena sokoni, anaingia kwa simu.

Na simu ilichukua muda kufika. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel mjini Kinshasa, mojawapo ya mitandao ya kwanza kabisa ya simu za mkononi barani Afrika, nayo ilikuwa ya mawaziri na matajiri. Vodacom ilianza kazi nchini mwaka 2002. Wakati huo Masisi na Walikale zilikuwa tayari zimeshaanza kulipia simu za dunia. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda mara kadhaa ndani ya miezi michache, maana tantalamu inayotokana nayo huingia kwenye vijisehemu vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Vijana waliacha shule wakaingia mashimoni. Rubaya, iliyomo Masisi, inakadiriwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuwa inatoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Bisie, huko Walikale, ikajulikana kwa kasiteriti, yaani madini ya bati. Barabara ya Kashebere iko kati ya mashimo hayo mawili, na vijiji vyake vimekaa miaka mingi bila mtandao wa uhakika.

Ukosefu huo uliumiza watu. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, makundi yenye silaha yalivamia vijiji 13 kwenye njia ya Kibua hadi Mpofi, ileile inayoanzia ng'ambo ya Kashebere. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha kwamba watu wasiopungua 387 walibakwa, wakiwemo wasichana 55 na wavulana 9. Kambi ya askari wa MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa Kibua, kama kilomita 30 kutoka Luvungi, kijiji kilichoumizwa zaidi, na habari hazikuwafikia kwa wakati. Baada ya hapo MONUSCO ilianza kugawa simu na redio kwa watu walioteuliwa vijijini ili waweze kupiga mbiu hatari inapokaribia. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi mojawapo, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma Novemba 2020, na miongoni mwa makosa yake ilikuwa kuwaingiza watoto kwenye kundi lake.

Kwa hiyo mtu wa mjini asije akamwambia mzazi wa huku kwamba dawa ni kumnyang'anya mtoto simu. Kwenye barabara hii simu inaweza kuamua kama familia itawahi kukimbia au itachelewa. Kijana aliyepelekwa kusoma Goma hupewa simu ya kubonyeza kabla ya kupewa godoro, na mama hununua yinite, yaani muda wa maongezi, kabla ya sabuni. Serikali nayo imewahi kuonyesha jinsi ukimya unavyotisha. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi ulizimwa nchi nzima kwa wiki kadhaa. Januari 2015 ukazimwa tena pamoja na intaneti, na mwisho wa Desemba 2018 intaneti ikakatwa hadi Januari iliyofuata. Kamba ilitulia mikononi mwa wazazi wengi kwa wakati mmoja.

WhatsApp ilizaliwa mwaka 2009 Marekani, ikanunuliwa na Facebook mwaka 2014. Mambo mawili yaliifanya iwe ya watu wote huku Kivu. La kwanza ni sauti. Tangu mwaka 2013 mtu anaweza kubonyeza kitufe na kuongea, ujumbe ukaenda kama ulivyosemwa, kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kiswahili cha Goma. Bibi asiyejua kusoma hakuhitaji tena mjukuu wa kumsomea barua. La pili ni mega, yaani data, ambazo hata mtu wa kipato kidogo angeweza kununua kidogokidogo, akapanda mahali penye mtandao, akapokea ujumbe wote uliokuwa ukimngoja, kisha akazima.

Aprili 2016 ujumbe wote wa WhatsApp ulifungwa kwa usimbaji, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Kwa mwandishi wa habari anayefuatwa, au kwa mwanaharakati wa Goma, hiyo ni kinga ya kweli. Ila mtu akilinganisha na ile karatasi ya Msalaba Mwekundu ataona kilichobadilika kwa mtoto. Ngoma ilisikiwa na wote. Fonie ilisikiwa na foleni. Fomu ilisomwa na mfanyakazi. Sasa kwa mara ya kwanza mtu asiyejulikana anaweza kuongea na mtoto wa Kashebere aliye kitandani kwake, na pasiwepo mtu njiani wa kumuuliza ametumwa na nani.

Kampuni inasema mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Kwenye nyumba nyingi za huku sharti hilo halina mahali pa kushika, kwa sababu simu ni moja. Namba ni ya baba, Android ni ya mama, na anayeijua vizuri ni mtoto. Ndiye anayeiweka programu, anayefungua ujumbe, anayemsikilizisha mama sauti za jamaa. Programu haijui kwamba kidole kinachogusa kioo ni cha mtoto wa miaka tisa. Na vikundi alivyomo mama ni vya watu wazima: kikundi cha ukoo, cha kanisa, cha waliotoka kijiji kimoja, cha habari za vita.

Mwaka 2025 vikundi hivyo vilifurika. Mapema Januari waasi wa M23 waliingia Masisi-Centre. Mwisho wa mwezi walichukua Goma. Machi walifika Walikale-Centre, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila aliyekimbia alitaka kujua njia ipi imefunguka, na kila aliyebaki alituma alichokiona. WhatsApp kwa kawaida yake hupakua picha yenyewe na kuiweka kwenye albamu ya simu. Hivyo mtoto anayetafuta picha ya ubatizo wa mdogo wake anaweza kukutana, kabla ya kuifikia, na maiti iliyolala barabarani. Hakuna aliyemtumia. Hakuna hata aliyejua kwamba imo. Hilo ni dhara la watoto wa Kivu ambalo vijitabu vya usalama vilivyoandikwa Ulaya haviligusi, na dawa yake ni ndogo: ndani ya mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, upakuaji wa picha na video unaweza kuzimwa. Picha inabaki ukungu mpaka mtu aiguse, na mega za mama haziliwi bure.

Mlango mwingine ni vikundi. Zamani yeyote mwenye namba aliweza kumwingiza mtu kwenye kikundi bila kumuuliza. Tangu Aprili 2019 kuna mpangilio, kwenye sehemu ya faragha, unaomwezesha mtumiaji kuamua kwamba waruhusiwe kumwingiza waliomo kwenye orodha yake ya majina tu. Picha ya wasifu nayo inaweza kufichwa kwa wasiojulikana. Uvumi pia ulipunguziwa miguu: Januari 2019 ujumbe mmoja ulizuiwa kupelekwa kwa zaidi ya vikundi au watu watano kwa mpigo, na mwaka 2020 ule uliokwishasambaa sana ukaruhusiwa kupelekwa mahali pamoja tu kila mara. Ujumbe wa aina hiyo huja na alama ya mishale miwili. Mtoto akifundishwa kuitambua mishale hiyo, amefundishwa kuuliza habari imetoka kwa nani.

Mlango mgumu zaidi kuufunga ni wa mtu mmoja anayeandika kwa upole. Mwaka 2021 mashirika ya UNICEF, ECPAT na INTERPOL yalianza kutoa ripoti za uchunguzi uliofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine kuhusu watoto wanaodhulumiwa kingono kupitia intaneti. Kongo haikuwemo, lakini lililoonekana kwa majirani linafahamika hata Masisi: mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto tayari anamjua, na watoto wanaodhulumiwa humwambia rafiki, au hawamwambii mtu kabisa. Polisi na namba za simu za msaada hufikiwa na wachache mno. Mwendo wa mambo unajulikana. Huanza salamu, kisha sifa, kisha yinite za zawadi. Baadaye huja ombi la kuhamia mahali pa faragha zaidi, ombi la picha, na picha ikishatumwa, vitisho. Zawadi ya yinite ndiyo ya kutazamwa. Kijana ambaye simu yake ina salio na wazazi hawakumnunulia, hapo pana swali la kuuliza, na liulizwe kwa sauti ya chini.

Sauti ya chini ina maana kubwa. Mtoto akishajua kwamba akisema atapigwa, au simu itachukuliwa, atanyamaza, na ukimya huo ndio anaoutegemea mwenye kumtisha. Binti wa Walikale aliyekwisha kutuma picha anabeba pia aibu ya ukoo mzima kichwani mwake. Anayepaswa kuona haya ni mtu mzima aliyeiomba. Mzazi amwambie hivyo waziwazi, tena mapema, kabla lolote halijatokea.

Sheria ipo upande wa mtoto. Sheria ya Kongo ya Januari 10, 2009 ya ulinzi wa mtoto inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inaadhibu matumizi ya watoto katika picha za ngono. Machi 13, 2023 ikaongezwa Sheria ya Kidijitali inayogusa makosa yanayotendwa kwa mitandao. Kenya, Uganda na Tanzania zina namba 116 ambayo mtoto huipiga bila malipo. Kashebere mahakama iko mbali, barabara ni mbovu, na mwenye mamlaka amebadilika zaidi ya mara moja. Mzazi wa huku analazimika kuanza na kilichopo nyumbani kwake.

Kilichopo ni kingi kuliko anavyodhani. Mwindo na shangazi yake walikubaliana juu ya kamba kabla ya safari, wote wawili wakiwa juu ya ardhi na akili zimetulia. Familia inaweza kukubaliana vivyo hivyo: ujumbe ukija kwa jina la mama ukimtaka mtoto aende mahali fulani, mtoto aulize jambo ambalo ni mama peke yake anayelijua, kwa mfano jina la mbuzi aliyeuzwa mwaka juzi. Akaunti huibwa, hasa pale mtu anapodanganywa kutoa ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe mfupi. Jina la mbuzi haliibwi kwa njia hiyo. Simu inaweza kulala sebuleni pamoja na wakubwa. Picha ya mtoto aliyepotezana na wazazi, inayotumwa kwenye vikundi kwa huruma ikiwa na jina lake kamili, kijiji chake na mahali alipolala jana, inaweza kupelekwa kwanza kwa watu wenye kazi ya kuunganisha familia badala ya kurushwa kwa wote.

Watu hao bado wapo Kivu Kaskazini. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu huwafikia waliokimbia wakiwa na fomu zilezile za kukunjwa, na siku hizi wana simu pia. Mtoto huketi kwenye benchi, mtu wa kujitolea huketi karibu naye. Simu haipigwi mara moja. Kwanza anamuuliza mama anaitwa nani, baba anaitwa nani, ndugu ni wangapi na ni nani anayemfuata nani, nyumba ilikuwa upande gani wa barabara, karibu na kanisa au karibu na mto. Anaandika. Anauliza tena pale ambapo mtoto amesita. Kisha anapiga namba, na sauti ya mwanamke ikipokea upande wa pili, kabla ya kumpa mtoto simu, anamuuliza mwanamke huyo maswali yaleyale.